Kilo 1.7

"Ulizaliwa na kilo ngapi?"

Daktari aliuliza macho yakiwa kwenye faili. Alikuwa kijana mdogo, nadhani bado yuko mafunzoni. Mdogo wangu akamwangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza.

"Daktari, mimi ni mtu wa dagaa," akamjibu. "Kilo naulizwa kutwa nzima. Ila hizo za kwangu mwenyewe muulize dada."

Tukacheka wote watatu. Daktari akaandika kitu, akaendelea na maswali yaliyozoeleka: soda ngapi kwa siku, sigara, pombe, kwenu kuna mwenye sukari. Asubuhi ile kipimo cha sukari kilikuwa kimesoma 13.8, hajatia kitu tumboni. Presha 150 kwa 95. Ana miaka 29.

Nilimsindikiza kwa sababu nilijua akienda peke yake angeishia kwa mama chapati wa getini. Tulipotoka, yeye aliwaza dawa za kila siku na bei yake. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye lile swali la kwanza.

Nafundisha baiolojia. Homoni nimezichora ubaoni miaka kumi na minne: tezi huku, kazi yake kule, mshale katikati. Haikuwahi kunijia kwamba kuna mshale uliopita nyumbani kwetu.

Swali halikuniacha. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nasahihisha mitihani huku nalisikia.

## Kadi

Jibu lenyewe halikuwa mbali. Mama anatunza kadi zetu zote za kliniki kwenye kopo kuukuu la maziwa ya unga, pamoja na stakabadhi na picha mbili za baba. Nikaifungua ya mdogo wangu. Karatasi imelainika kama kitambaa, imekatika pale ilipokuwa ikikunjwa.

Tarehe 5 Agosti 1996. Kilo 1.7.

Mtu aliyekuwa Mwanza mwaka ule ameshahesabu kurudi nyuma mwenyewe. 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria. Baba alikuwa anarudi na ndizi zake. Mwili wake haukupatikana. Kila Mei tunakwenda Igoma, tunasimama mbele ya makaburi bila kujua kama tunamsalimia yeye au mume wa mtu mwingine. Mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Mtoto akaja karibu mwezi na nusu kabla ya siku zake. Mtaa ukambatiza kabla ya padri: Njiti. Jina likaganda. Leo hii ukifika Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, ukamuulizia kwa jina la ubatizo utazungushwa mpaka jua lizame. Sema Njiti, utaoneshwa kizimba. Wageni hushangaa, maana anayeinuka kuwahudumia ametanguliwa na kitambi. Lakini ukimwangalia vizuri, miguu ni ya korongo. Mikono nayo myembamba, mabega membamba. Kila kilichoongezeka kimekwenda tumboni.

Kadi ina vitone vya kalamu, mwezi kwa mwezi. Mwanzoni vinatambaa kwenye nyekundu. Vinaingia kijivu, vinakaa humo muda mrefu. Halafu, baada ya miaka mitatu, vinapaa. Kitone cha mwisho, karibu na miaka mitano, kiko juu kabisa ya kijani. Nakumbuka siku bibi alipooneshwa kile kitone. Alipiga vigelegele kliniki, manesi wakatoka nje kuangalia nani kaolewa.

Kuanzia hapo nyumbani tulikuwa na mzaha mmoja juu yake, na ninakiri mwenye mzaha nilikuwa mimi: "Huyu anakula kama mtu aliyeambiwa kesho hakuna."

## Aliyeambiwa

Nikaanza kusoma usiku, baada ya watoto kulala.

Huko Hertfordshire, Uingereza, kuanzia mwaka 1911 manesi walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto wachanga na kuandika uzito kwenye madaftari makubwa. Madaftari yakakaa. Miaka ya 1980 daktari mmoja, David Barker, akayapata na kuanza kuwatafuta wale watoto, ambao sasa walikuwa wazee au marehemu. Mwaka 1989 yeye na wenzake wakachapisha walichokiona: wanaume waliokuwa wadogo zaidi walipozaliwa na walipofikisha mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Baadaye wakawapima sukari waliobaki, wakiwa na miaka 64 hivi. Hadithi ile ile.

Kisha Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani waliziba njia za chakula upande wa magharibi, mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Waliokuwa tumboni miezi ile walifuatwa hadi uzeeni. Wengi wao, kuliko waliozaliwa kabla ya njaa ile au waliotungwa mimba baada yake, walipata matatizo ya sukari, unene, moyo, na hata magonjwa ya akili kama skizofrenia.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Mtoto aliye tumboni hana dirisha. Habari za dunia anazipata kwa chakula kinachomfikia na kwa homoni za mama. Vikipungua vya kujengea, mwili wake hufanya kile ambacho kila mama wa Mabatini hufanya mwezi ukiwa kona: hulipa kilicho cha lazima kwanza. Ubongo na moyo vinalindwa. Misuli inasubiri. Kongosho linapata seli chache za kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Figo zinapata vichujio pungufu, na hapo hakuna kurudi nyuma: mtu wa kawaida ana karibu vichujio milioni moja kwa kila figo, na utengenezaji wake hukoma karibu wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo hakuna kipya kinachoongezwa maisha yako yote.

Mwili wa namna hiyo unafaa sana kwenye nchi ya njaa. Shida inaanza njaa isipokuja. Misuli ndiyo ghala kuu la sukari baada ya kula. Ghala likiwa dogo na insulini ikiwa ya kubahatisha, kinachobaki kinakwenda kiunoni.

Nilipofika hapo nikaufunga ule mzaha wangu na sijaufungua tena. Njiti alikuwa ameambiwa kweli. Kesho hakuna, ndiyo habari iliyomfikia.

Halafu kuna kotisoli, homoni ya msongo, ile niliyoizoea kwenye jedwali la kidato cha tatu. Ubongo unahisi hatari, unatuma amri hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, kotisoli inamwagika: sukari ipande kwenye damu, mwili uwe tayari. Mjamzito ana kotisoli nyingi kuliko mtoto wake mara kadhaa, na kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachosimama mlangoni kama mlinzi, kinaigeuza sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kuwa kitu kisicho na makali kabla haijamfikia mtoto. Lishe duni na wasiwasi mkali vinaweza kumlegeza mlinzi huyo. Kotisoli ikipita kwa wingi mapema mno, mtoto anapunguza kukua, na mfumo wake mwenyewe wa msongo unapangwa upya, kama redio iliyofungwa sauti juu tangu dukani.

Nilifurahi kuelewa. Nilifurahi mno, na hapo ndipo nilipokosea.

## Mama akauliza

Jumapili moja nilikuwa namweleza mume wangu haya yote sebuleni, kwa sauti yangu ya darasani. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nilidhani hasikilizi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa sukari?"

Hakuinua kichwa. Vidole viliendelea kusukuma punje, moja kushoto, moja kulia.

Sikuwa na jibu. Nikasema, hapana mama, sivyo. Akasema, lakini ndivyo ulivyokuwa unasema.

Kisha akatueleza kitu ambacho kwa miaka karibu thelathini hakuwahi kukigusa. Kwenye tanga, wanawake waliokuja kumpa pole walimshika tumbo wakamwambia: usilie sana, machozi yako yanamfikia mtoto. Shangazi zetu, majirani, hata nesi mmoja. Akajizuia. Mchana alijizuia. Usiku akishaosha vyombo aliwasha redio, akaipandisha, akalia chini yake. "Kwa hiyo nililia," akasema, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. "Nilijua nimemdhuru. Alipokuja mdogo vile nikasema, haya, ni yale machozi."

Mimi nikakumbuka redio. Nilidhani alikuwa anaipenda taarifa ya habari.

Hapa ndipo nilipotaka kuacha kuandika makala hii, na niliiacha kama siku kumi. Tulikuwa tumemlaumu kijana kwa sahani yake. Sasa nilikuwa nimebeba lawama ile ile nikamtwika mama yake tumboni, nikaiita elimu. Na siko peke yangu. Angalia vipeperushi: "Mama mjamzito, epuka msongo." Epuka! Kana kwamba msongo ni chipsi. Ungemwambia nini mjane wa Mei 1996, aepuke ziwa?

Na hata kama ningekuwa sina huruma, hesabu yenyewe hainiruhusu. Watu wa Hertfordshire wanakwambia habari za kundi. Hawakwambii habari za Njiti. Shangazi yetu, dada yake baba, alikatwa mguu kwa sukari, naye alizaliwa mnene tu kwa maelezo ya wazee. Njiti anakunywa soda tatu kwa siku na kukaa kwenye kigoda kwa saa kumi na mbili. Ni gramu ngapi za ile 13.8 zinatoka kwenye meli, ngapi kwa shangazi, ngapi kwenye chupa? Hakuna maabara inayoweza kumgawa mtu mmoja hivyo.

## Siku zilizohesabiwa

Kilichonirudisha mezani ni barafu, kitu ambacho sijawahi kukiona nje ya friji.

Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme huko Quebec, Kanada. Zaidi ya watu milioni tatu wakakosa umeme katikati ya baridi kali, wengine kwa wiki kadhaa. Mtafiti Suzanne King akawaandikisha wanawake waliokuwa wajawazito wakati ule, akawafuata wao na watoto wao kwa miaka. Ujanja wake ulikuwa kutenganisha mambo mawili. Kwanza, kilichompata mama: siku ngapi bila umeme, alihama mara ngapi, alipoteza kiasi gani. Pili, jinsi alivyojisikia: hofu, usingizi, huzuni.

Watoto walipofika miaka mitano na nusu, waliokuwa hatarini zaidi kwa unene ni wale ambao mama zao walipata shida kubwa zaidi. Baadaye, watoto wakiwa na miaka 13, watafiti walisoma alama za kikemikali zinazokaa juu ya vinasaba na kuamua kipi kisomwe na kipi kifungwe. Alama zile nazo zilifuata ukubwa wa shida iliyompata mama, hazikufuata ukubwa wa huzuni aliyosimulia.

Nilisoma mara tatu. Siku za giza ndizo zilizohesabika. Si machozi.

Nisiivute kamba kupita urefu wake. Huzuni ya muda mrefu ya mama ina madhara yake, kwake mwenyewe kwanza, na tafiti nyingine zinaonesha inagusa tabia na hofu za watoto. Lakini kwa habari ya mwili wa Njiti, nikaanza kutazama upande ambao sikuwa nimeutazama. Mama alipoteza nini baada ya Mei?

Mwezi wa Juni ndugu walikuja kuchukua baiskeli, cherehani na magodoro mawili. Julai tulihama Nyakato kwenda chumba kimoja Igogo. Mama alikaanga vitumbua na tumbo la miezi saba, akaviuza stendi. Jioni alipakua ugali kwenye sahani moja, mimi na kaka yangu tukala, yeye akakaa pembeni ya mlango anapunga moshi kwa kanga. Tukimwita alisema, "Kuleni, mimi nimeshiba."

Nilimwamini. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na njaa.

Nikampelekea mama habari za barafu. Nilizieleza vibaya, kwa kurukaruka, lakini alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo ningelia tu," akasema.

## Sindano nne

Jambo moja lilinisumbua bado, nalo ni la kwangu.

Mwaka 2017, nikiwa na mimba ya wiki 31, uchungu ulinijia usiku. Nilichomwa deksamethasoni: sindano nne, moja kila baada ya saa 12, miligramu sita kila moja. Wajawazito tunaiita sindano ya mapafu. Binti yangu alizaliwa siku ya tano akilia kwa sauti.

Deksamethasoni ni ndugu wa kotisoli, wa kutengenezwa, na mlinzi wa kondo hamwezi. Yaani kile nilichokuwa nasoma kwa kutetemeka ndicho nilichodungwa kwa makusudi, na ndicho kilichomfanya mwanangu apumue. Madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walionesha hilo mwaka 1972, baada ya Liggins kushangazwa na mwanakondoo njiti aliyetakiwa awe amekufa lakini akawa anahema. Kotisoli ndiyo inayokomaza mapafu. Mwishoni mwa mimba ya kawaida inapanda yenyewe kwa kazi hiyo.

Basi huenda Njiti naye, aliyezaliwa kabla ya siku bila sindano yoyote, alihema kwa sababu ya kotisoli ile ile ya Mei. Labda ilimbania na kumuokoa kwa pamoja. Nimelifikiria hili sana na sijapata mahali pa kulikunja likae vizuri.

## Chumvi mgongoni

Huko Montreal, Kanada, kundi la mtafiti Michael Meaney liliangalia panya. Kuna mama panya wanaolamba watoto wao sana na kuna wasiojali. Waliolambwa sana hukua watulivu: kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, wana vipokezi vingi vya kotisoli, hivyo ubongo unaisikia mapema na kuizima kengele. Watafiti wakabadilishana watoto. Mtoto wa mama asiyejali akilelewa na mlambaji, alikua kama watoto wa mlambaji. Mwaka 2004 wakaonesha hata alama za kwenye vinasaba zikibadilika kwa ule ulimi, siku za kwanza tu za uhai.

Panya ni panya. Lakini bibi yangu, aliyekulia kwenye ng'ombe huko Magu, asingeshangaa hata kidogo. Alikuwa akisema ng'ombe akikataa kumlamba ndama wake, mpake ndama chumvi mgongoni. Atalamba tu, na akishalamba hamwachi.

Mama aliporudi na kilo 1.7 hakuwa na nguvu hata ya kuketi. Bibi alimvua mtoto nguo zote, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunga kitenge juu yake. Alilala ameegemea ukuta wiki nane. Mkojo wote ulipitia kwake. Kule Bogotá, Kolombia, walikuwa wamelianza hilo hospitalini mwaka 1978 kwa kukosa mashine za joto za kutosha, na mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionesha kwamba kuanza kumbeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya wachanga wadogo kwa robo. Bibi hakuwa amesikia habari za Bogotá. Alisema tu mtoto ana baridi.

Na vile vitone vilivyopaa? Bibi alimlisha maziwa, ugali na supu ya sato mpaka tukamwonea wivu. Watafiti waliofuata watoto wa Brazili, Gwatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini hadi ukubwani wanasema uzito wa miaka miwili ya kwanza unamsaidia mtoto hata shuleni. Ule unaokuja kwa kasi baadaye, bila urefu kuandamana nao, ndio unaoleta mafuta na presha. Kadi ya Njiti inapaa baadaye. Nani angemwambia bibi apunguze? Mimi nisingethubutu, hata leo, na madaftari yangu yote.

## Mizani

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mwaloni na mama kuchukua dagaa. Njiti amepunguza soda hadi moja, ninayoijua. Anatembea kutoka Kitangiri hadi kizimbani badala ya kupanda boda, na anameza vidonge vyake akilalamika harufu. Nikamweleza, kwa kifupi, yote haya.

"Kwa hiyo miaka yote mmeniita mlafi bure?"

"Si bure sana," mama akasema.

Akacheka, kitambi kikacheka naye. Kisha akaniomba kadi. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaisoma, akairudisha. Akavuta mizani, akaanza kuchota dagaa wakavu kwa kopo, akamimina, akapunguza wachache kwa vidole, akaongeza wawili, mpaka mshale ukasimama kwenye 1.7.

Lilikuwa rundo kubwa kuliko nilivyotarajia. Dagaa wakikauka ni wepesi.

Mama akaliangalia kwa muda. "Ulikuwa mdogo kuliko hilo," akasema.

Njiti hakujibu. Mteja mmoja mwenye kapu akasimama katikati yetu, akanyosha kidole kwenye mizani, akauliza hizo bei gani. Akatajiwa.